Maiki Itakapokufikia

Adhiambo, Dani wangu,

Salamu nitaziruka, maana tumesalimiana asubuhi hii ukiwa na mswaki mdomoni. Sasa uko Usenge unamuaga bibi yako, yule uliyebeba jina lake mpaka mimi mwenyewe nikazoea kukuita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, tangu ukiwa hujaota jino. Najua amekukalisha na hakuachi uondoke kabla hujamaliza samaki mpaka kichwa. Baba yako amekwenda kutafuta petroli ya jenereta. Nyumba imenyamaza. Nimekaa juu ya spika kubwa hapa barazani, ile iliyochanika wavu, na karatasi nimeiweka juu ya spika ndogo. Nikingoja urudi ndipo niseme, sitasema. Unanijua. Nitakuuliza kama umepiga pasi.

Mambo ya soksi, ya pasipoti, na ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako, shangazi yako ameshakwambia mpaka ukaziba masikio. Mimi sina la kuongeza hapo, isipokuwa habari ya omena, wale dagaa wa ziwani. Baba yako ameifunga ndani ya sweta na kuitia kwenye begi. Nimeitoa. Ameirudisha. Nimeitoa tena. Hiyo ni vita ya watu wazima, usiiingilie.

Ninachotaka kuandika ni habari ya Jumapili.

Tulikuwa karibu kumaliza kula. Baba Mkubwa Ochieng' alikuwa amelegeza mkanda, na unajua akilegeza mkanda ndipo mdomo wake nao hulegea. Akakugeukia akasema, "Sasa nyathina, mtoto wangu, nieleze pole pole, mimi ni mtu wa zamani. Hii kitu unaenda kusoma ni nini hasa?"

Ukamweleza, tena vizuri kuliko mimi ninavyowaeleza akina mama wa kanisani. Ukasema miaka mitatu utakuwa chuo kidogo huko ng'ambo, unasoma historia, fasihi na falsafa, pamoja na hesabu na fizikia. Halafu unahamia chuo kikuu kingine, miaka miwili ya uinjinia. Mwisho wake unatoka na digrii mbili.

"Kwa hivyo miaka tatu ni ya hadithi," akasema. "Na hapa Kenya ulikuwa umeitwa chuo usome uinjinia moja kwa moja, ukakataa. Mshika mbili moja humponyoka, mama. Hebu sema tu hapa mbele ya watu: wewe utakuwa injinia ama mwalimu wa hadithi?"

Na wewe, kabla hujafungua mdomo, ukanitazama mimi.

Nami nikajibu. "Injinia!" Nilisema kwa nguvu kama mtu anayejaribu maiki. Watu wakacheka, Baba Mkubwa akaridhika, soda zikafunguliwa. Wewe ukainamisha uso ukaanza kukusanya sahani, na kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamemaliza kula.

Tangu Jumapili hiyo moyo wangu haujatulia, mwanangu. Watu wananiona kimya wanadhani ni ndege ninayoiogopa. Ndege imetengenezwa na watu waliosoma, itafika. Ninaogopa kwamba utakaa huko miaka mitano ukiwa na jibu langu mdomoni mwako.

Wale watu wa chuo walipozungumza nasi kwa simu, baba yako alisikiliza habari ya malazi na chakula. Mimi nilisikia neno jingine, likanikaa. Walisema kuna wanafunzi ambao miaka mitatu ikiisha hawavuki kwenda kwenye uinjinia. Wamepata marafiki, wamezoea, wanabaki kumalizia palepale. Na kuna wengine ambao vitabu vinawachosha mapema, wanaomba kuhamia uinjinia kabla ya wakati. Walisema yote mawili yanaruhusiwa, na walisema kwa upole sana. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Nilikuwa nikijiuliza, siku hiyo ya kuchagua ikifika, Dani atamtazama nani? Mimi sitakuwa mezani. Lakini utanitazama tu, hata nikiwa huku.

Kwa hiyo nataka ujue unayemtazama ni nani.

Watu huniita Mama Vyombo, kwa ajili ya hizi spika na maiki ninazopeleka kwenye shughuli zao. Wanadhani nilizaliwa na waya shingoni. Nilipokuwa shule nilipenda fizikia, na nilipenda pia kusoma riwaya mpaka mafuta ya taa yanaisha na mama yangu anagomba. Ilipofika wakati wa kuchagua masomo, nikaacha fasihi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona wasichana ni wachache kwenye darasa la fizikia, na wavulana wakitutazama kama tumepotea njia, nikasema nitawaonyesha. Nikaenda kusomea umeme kwenye chuo cha ufundi. Sijutii umeme, umekulisha. Lakini nilifanya kosa moja nililoligundua baadaye sana: nilidhani nikiacha lile somo, nimeruhusiwa kuacha na ile akili.

Ulikuwa darasa la tatu tulipoitwa kuweka vyombo kwenye matanga ya mzee mmoja upande ule wa Usenge. Mzee alikuwa na wake wawili. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi kama tunavyosema, inatazama lango, ndivyo boma la Mjaluo lilivyo. Nyumba ya mke wa pili ilikuwa kando. Nilifika mapema nikapima kazi yangu. Mbele ya mikayi ardhi ilikuwa na mteremko, jua kali, na upepo wa ziwani ukiingia moja kwa moja kwenye maiki. Mbele ya nyumba ya pili palikuwa tambarare, pana kivuli cha ukuta, upepo unatokea nyuma. Nani asingechagua hapo? Nikapanga spika, nikasimamisha tenti, viti vikafuata tenti. Nikajaribu sauti. Dani, ilikuwa safi, ungesikia mtu akimeza mate.

Wageni wakaja wakaketi. Na walipoketi, wote walikuwa wameupa mgongo mlango wa mikayi.

Jeneza lilikuwa kwake barazani, kama inavyotakiwa. Yeye akatoka, akatazama ile migongo, akaingia ndani akafunga mlango. Basi. Mchungaji amesimama na kitabu chake, kwaya imesimama, na mwenye msiba hatoki. Mtoto wake wa kwanza akanijia mbio. "Mama, nani alikutuma uweke hivi? Hawa wa nyumba ya pili walikupatia nini?"

Na mimi, mtoto wa watu niliyezaliwa na kulelewa ndani ya boma la namna hiyohiyo, nikaanza kumweleza habari ya upepo.

Naona aibu hata kuandika. Si kwamba sikujua. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza mikayi ni nani, ningekueleza mpaka kuche. Nilijua, lakini siku hiyo nilikuja kama fundi, na fundi ndani ya kichwa changu alikuwa amemfungia nje yule mtoto wa boma. Wale vijana wa nyumba mbili walikuwa wameanza kushikana mashati. Mzee alikuwa bado juu ya ardhi, na watoto wake walikuwa karibu kupigana kwa sababu ya mahali nilipoweka spika.

Baba yako ndiye aliyeanza kung'oa vigingi vya tenti bila kuniuliza. Tukahamisha kila kitu, juani, watu wakitutazama. Kisha nikaenda nikapiga magoti mlangoni kwa yule mama. Sikusema neno la kifundi. Nikasema, "Mama, tumegeuka." Baada ya muda akafungua. Siku ile sauti ilikuwa mbovu kuliko kazi zangu zote. Upepo ulinguruma ndani ya maiki tangu sala ya kwanza mpaka kaburini, na hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika.

Sasa usije ukakimbia na hadithi hiyo ukasema, aha, mama ananiambia utu ni bora kuliko waya. Subiri. Iko na ndugu yake.

Kovu la baba yako unalijua, lile la kiganjani. Unajua pia anavyolisimulia, kwamba alipigana na jenereta ikashinda kwa pointi. Watu hucheka. Mimi hucheka nao. Ilikuwa Obunga, mchana, kazi ya mama mmoja aliyefiwa na mume angali kijana. Baada ya yale ya Usenge nilikuwa nimejifunza kusikiliza watu, tena nimejifunza kupita kiasi. Yule mama akaniuliza kama anaweza kuchomeka friji kwenye laini yangu, soda za wageni zisipate moto. Nikamwangalia macho yale, nikasema sawa. Shemeji yake akaleta birika ya umeme. Sawa. Vijana wakaleta simu zao. Sawa, mama, sawa. Nilijua waya ule unabeba nini. Hesabu yake ni ya mtoto wa chuo mwaka wa kwanza. Lakini niliona haya kumnyima mjane.

Waya ukapata moto, ukaanza kuyeyuka karibu na turubai, na watoto walikuwa wamekaa hapo chini. Baba yako akaushika kwa mkono akauvuta. Ndiyo hiyo ngumi ya jenereta. Siku hiyo sikukosa huruma, mwanangu. Nilikosa kusema "hapana" pale namba zilipokataa, na hesabu haimwonei haya mjane.

Ndiyo maana barua yako ya kukubaliwa ilipokuja, na baba yako akasema kozi gani hii ya uji na wali sahani moja, mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kupinga. Nilinyamaza kwa sababu nilijua hiyo ndiyo kozi niliyoifanya bila mwalimu, kwenye matanga ya watu, na ada yake aliilipa mtu mwingine kwa kiganja. Kama kuna mahali wanapofundisha yote mawili kabla mtu hajaungua, kwa nini nisifurahi?

Lakini siwezi kukudanganya kwamba nimefurahi tu. Nina hofu, tena si moja. Naogopa wale wa historia watakuona mtu wa mashine, na wale wa mashine watakuona mtu wa maneno, na utakula peke yako pande zote mbili. Naogopa utafika kwa mainjinia ukiwa umechelewa, wenzako walianza mapema, nawe unakumbuka falsafa. Naogopa kazi. Atakayekuajiri atauliza swali lile lile la Baba Mkubwa, ila yeye hatakuwa amelegeza mkanda. Na methali ile, mimi siwezi kuibishia, maana imeniponyoka moja mara nyingi mno. Ninachoweza kusema ni kwamba haikuanguka mbali. Ikikuponyoka, inama uiokote.

Naogopa pia maswali yako. Hili sijawahi kukwambia.

Mvua ile kubwa, maji yalipoingia mpaka kwa jirani zetu hapa Nyalenda, ulikuwa kitoto kidogo hivi, umevaa gambuti za baba yako. Yalipopungua ukaufuata mtaro kutoka hapa kwetu mpaka mwisho wake, ukarudi na matope hadi kiunoni. Nilikuwa na fagio mkononi, nikitafuta pa kuanzia kukuchapa. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini mtaro unaishia kwa Mama Atis?" Nikakwambia maji hufuata mteremko, ndivyo dunia ilivyo. Ukasema, "Lakini mteremko si ulichimbwa? Nani alisema uishie kwake?"

Nikakutuma ukaoge.

Nilikuwa nimepita juu ya mtaro ule miaka mingi, mimi fundi, na nilijua kwa nini maji yanakwenda kule. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekaa mahali akaamua kwamba yaende kwa mama mjane mwenye nyumba ya mabati. Wewe uliuliza yote mawili kwa pumzi moja, na hukuwa umesoma chuo chochote. Nilikutuma ukaoge kwa sababu niliogopa. Mtu anayeuliza maji yanaenda wapi hupewa kazi. Mtu anayeuliza nani aliamua, hapa kwetu, huulizwa naye ni nani.

Sasa wanataka kukufundisha kuuliza vizuri zaidi. Mungu wangu.

Juzi nilikwenda mjini kununua waya kwa Mama Njeri, unamjua, yule Mkikuyu wa duka la vifaa vya umeme anayekuita injinia tangu ulipomrekebishia feni. Nikamwambia haya yote. Akawa anapima waya huku ananisikiliza, akasema, "Mama Adhiambo, wewe shida yako si hiyo kozi. Shida yako ni hutakuwa huko kushika volyumu." Nikamwambia apime waya aache maneno. Nilipofika nyumbani nikaona hakukosea.

Maisha yangu yote nimekaa pembeni na mkono juu ya kile kitufe. Mtu akilia kwenye maiki, namshusha kidogo asiaibike. Akinong'ona, nampandisha. Mlevi akiichukua, maiki inapata hitilafu yenyewe. Ni kazi nzuri, na naipenda, lakini nimekufanyia na wewe. Ulipokuwa unasita shuleni, nilijibu. Ulipoulizwa na daktari unaumwa wapi, nilijibu mimi, wewe ukiwa na umri wa kutosha kulisemea tumbo lako mwenyewe. Na Jumapili ulipokuwa unatafuta neno, nikakushusha mpaka sifuri nikapandisha sauti yangu. Ulikuwa na jibu. Niliona mdomo wako ukianza kulitengeneza. Mpaka leo sijui lilikuwa nini, na hilo ndilo linalonila.

Kwa hiyo sikiliza. Mwaka wa tatu ukifika na huko unakotakiwa kuvukia moyo wako haupo, usivuke kwa ajili yangu. Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, unaona mwenyewe karatasi ilivyochubuka. Nitaumia. Sitajifanya. Nitakwenda kwa Mama Njeri nitalia dukani kwake mbele ya wateja. Kisha nitarudi nyumbani, nitapika, na utaendelea kuwa mtoto wangu siku hiyo nzima na zote zinazofuata. Na ukivuka, usivuke ukiwa umewafungia nje wale wa miaka mitatu ya vitabu. Nenda nao. Hata mainjinia wakikuona wa ajabu.

Kesho asubuhi akina mama wa kanisani watakuja kukuombea kabla hatujaondoka kwenda uwanja wa ndege. Baba Mkubwa Ochieng' ndiye atakayeongoza shughuli, nani atamzuia? Na atakuuliza tena. Namjua, utani wake ukishachekesha watu mara moja haachi mpaka uchakae. Atasema, "Haya, nyathina, waambie watu, injinia ama mwalimu?" Kisha atakunyooshea maiki.

Nimeshapanga vyombo. Spika mbili mlangoni, moja inatazama barabara ili Mama Atis asikie akiwa kwake, kwa vile mguu wake bado haujapona. Mikisa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, nimeiweka nyuma ya tangi la maji. Baba yako aliona akashangaa, akasema, "Sasa hapo utaona nini? Si hata anayeongea hutamwona?" Ni kweli. Kwa fundi ni mahali pabaya kabisa, nitafanya kazi kwa masikio tu, kama kipofu. Nilimwambia jua litakuwa kali upande ule mwingine.

Si jua. Nimepachagua kwa sababu hapo, hata ukigeuka, hutaniona.

Omena nimeirudisha kwenye begi. Usimwambie baba yako, acha adhani ameshinda.

Basi kesho maiki itakapokufikia, ishike karibu na mdomo, usiipigepige kwa kidole kama Baba Mkubwa. Vuta pumzi. Ukikaa kimya kidogo, kaa, sitaujaza ukimya huo mimi. Halafu sema jibu lako, hata kama ni "sijui bado". Mimi nitakuwa nyuma ya tangi, na lolote utakalosema nitalifikisha mpaka barabarani.

Mama yako